Rai, Bakteria na Maji ya Bomba

Aprili 2

Daftari hili lilikuwa la kumbukumbu za malisho. Kurasa za mbele zimejaa mwandiko wangu: ng'ombe gani kala nini, nani kapungua maziwa, nani kapandishwa lini. Kurasa za nyuma ni nyeupe tangu Novemba mwaka jana, siku baba aliponyoosha kiganja mezani akasema, "Lete ufunguo." Nikauvua shingoni nikampa. Miaka kumi na sita, tangu nilipoachika nikarudi nyumbani, nimeuvaa ufunguo wa ghala la malisho. Nilioga nao, nililala nao. Ukatoka kwa maneno mawili.

Sasa unaning'inia shingoni mwa mdogo wangu. Humu ndani nitamwita Bwana Ufunguo. Jina lake alilopewa na wazazi sitaki kuliharibia wino.

Naandika ili nisisahau. Watu husema samehe, sahau. Thubutu!

Aprili 3

Niliandike lenyewe nilimalize. Mwaka jana shimo la sileji, yale majani mabichi tunayoyafukia yachache, lilikuwa zuri, harufu safi, ng'ombe wanagombea. Siku moja mimi niko zahanati na mkono wangu wa kulia uliovimba, zamu ya kuchota malisho ikawa ya Bwana Ufunguo. Akachota, akaacha nailoni wazi, akakimbilia mpira. Mvua ikapiga usiku kucha. Asubuhi akafunika juu ya maji, kimya. Ukungu ukaota ndani bila mtu kujua. Katika wiki tatu ng'ombe wanne walitoa mimba na wawili walikufa, mmoja wao Bibi Harusi, niliyemlea kwa chupa tangu mama yake alipomfia.

Baba akauliza mezani, mbele ya mtaalamu wa malisho na dereva wa maziwa: nani aliacha shimo wazi? Bwana Ufunguo akatazama sahani yake akasema, "Dada ndiye mwenye ufunguo." Basi. Hata uongo hakusema. Alitoa kweli ndogo ili afiche kubwa. Nilipokana, baba alisema mwenye ufunguo ndiye mwenye shimo.

Wifi yangu, mkewe, ndiye aliyenieleza baadaye habari ya mpira, machozi yakimtiririka, akaniapisha nisimtaje. Kwa hiyo najua, na siwezi kusema. Ninaosha makopo ya maziwa na kukamua zamu mbili, na ninangoja. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi sina safari.

Aprili 6

Mtaalamu wa malisho amekuja kuitazama rai, nafaka tunayoilima kwa ajili ya ng'ombe. Imefika kiunoni, imejaa, masuke bado yamejificha ndani ya majani. Huo ndio wakati wake. Kama ngano kwa sura, lakini sisi hatungoji nafaka. Tunaikata mbichi, mashine inaikatakata, tunaishindilia shimoni mpaka hewa itoke, tunaifunika nailoni na matairi juu. Humo inachacha yenyewe, inakuwa kali, inakaa miezi. Ndiyo chakula cha ng'ombe ishirini na wawili mpaka malisho mapya.

Mtaalamu amevunja shina akalipuliza kama mrija. "Mwaka huu ina maji mengi," akasema. "Na shina lina uwazi, linaficha hewa. Mkikata, ilazeni juani siku nzima inyauke. Na safari hii bakteria si anasa. Bila bakteria wazuri wa kuiwahi, wabaya watawatangulia, itaoza."

Bwana Ufunguo akajinyoosha. "Hilo nimeshalifikiria. Nataka tununue bakteria."

Karibu kopo liniponyoke. Miaka mitatu mimi ndiye niliyeomba bakteria! Miaka mitatu niliambiwa, "Dada anataka tununue wadudu, si tuwaokote bure chooni?" Na aliyekuwa akicheka mpaka anajishika mbavu ni huyu huyu.

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kijana anafikiri," akasema.

Haya bwana. Kijana anafikiri.

Aprili 9

Mvua. Nimeosha makopo. Wifi kaniletea chai mpaka banda la kukamulia, sukari nyingi kama anamwombea mtu radhi.

Aprili 12

Bakteria wamefika. Pakiti tatu za unga mweupe, nyepesi, utadhani hazina kitu. Zimewekwa kwenye friji kando ya dawa ya macho ya baba. Bwana Ufunguo amefungua boksi, karatasi ya maelekezo ikaanguka, akaikanyaga akaenda zake. Yeye na karatasi tangu shuleni hawakupatana.

Nimeiokota. Nimeisoma mara mbili nikiwa chooni, mlango nimeukomea. Pakiti moja kwa shimo la tani hamsini. Changanya siku hiyo hiyo ya kutumia. Usiache juani. Na mstari wa chini kabisa, kwa wino mzito: usitumie maji yaliyotiwa klorini, bakteria watakufa.

Maji yetu ya bomba yananuka klorini hata chai unaisikia. Maji ya mvua yako kwenye tangi nyuma ya nyumba, mwendo wa hatua themanini na ndoo mkononi. Bomba liko uani, na mpira wake unafika mpaka shimoni.

Karatasi nimeikunja nikaitia humu, kati ya ukurasa huu na unaofuata.

Aprili 15

Wamekata. Mchana mawingu yakakusanyika, Bwana Ufunguo akaogopa. Badala ya kuiacha rai inyauke, kesho alfajiri inaingia shimoni na maji yake. Nimemsikia akimwambia baba, "Usiwe na wasiwasi, bakteria watafanya kazi yao."

Na hatukupata hata tone la mvua. Mawingu yalipita yakaenda kunyesha kwa wengine.

Aprili 16

Mkono unauma lakini leo lazima niandike.

Saa moja asubuhi nilikuwa chumba cha kuoshea makopo. Dirisha lake linatazama uani. Bwana Ufunguo akaja na pipa la kunyunyizia, akaliweka chini ya bomba. Nikasimama. Akafungua bomba. Maji yakaingia, povu jeupe, na mimi nikaisikia ile harufu ya dawa mpaka dirishani, au nilidhani nimeisikia. Akachana pakiti ya kwanza kwa meno. Akamimina. Akakoroga kwa mwiko mrefu, polepole, kwa adabu kabisa, kama anayepika uji wa mgonjwa.

Nilikuwa na kopo mkononi. Nilikuwa na sauti. Hatua kumi na tano, si zaidi, na dirisha liko wazi. Neno lenyewe ni fupi: siyo hayo. Nililiona neno limekaa mdomoni kama kokwa la tunda.

Nikakumbuka Bibi Harusi alivyolala ubavu siku ile, jicho limegeuka. Nikakumbuka, "Dada ndiye mwenye ufunguo."

Nikalimeza. Nikageuka, nikaendelea kuosha.

Kisha nikatoka nikaenda kufanya kazi. Mchana kutwa yeye juu ya trekta, anakwenda mbele na nyuma kushindilia, mimi na wifi na uma za majani tunasambaza tabaka kwa tabaka, naye baba kwenye kiti chake anapiga kelele, "Pembeni! Pembeni ndiko hewa inakojificha!" Nimeshindilia pembe zote kwa miguu yangu mwenyewe. Sijawahi kulishindilia shimo vizuri namna ile. Kwa makusudi. Nilitaka kosa libaki moja tu, nalo liwe lake peke yake, siku ya kufungua pasiwe na mtu wa kusema dada alizembea.

Jioni tumevuta nailoni, tumepanga matairi. Bwana Ufunguo kaniangalia, jasho linamtoka, akasema, "Ahsante, dada." Nikamwambia asinishukuru mapema.

Aprili 17

Leo yametokea mawili.

La kwanza. Jana nilimwomba wifi anibakizie rai iliyokatwa, mikokoteni mitatu, nikadai ni ya kutandikia kuku. Niliitandaza barazani kwangu kwenye magunia na leo imepata jua la kutosha, ukiifumbata haitoi maji, inaachia kidogo kidogo mkononi. Nikachukua unga kijiko kimoja kwenye pakiti iliyobaki, maji ya tangi la mvua, nikanyunyiza, nikashindilia kwenye mapipa matatu ya plastiki, vifuniko na pete za chuma. Nimeyaficha kwenye chumba kitupu cha ndama. Wifi kanifumania nakaza pete ya mwisho. "Hee! Wifi, hao ndio kuku?" Nikamwambia ni wajukuu zangu wamelala, asipige kelele. Akacheka, hakuuliza.

La pili. Mtaalamu wa malisho alipita. Kazunguka shimo, kasifu nailoni. Akasema, "Mkiwa na shaka yoyote, semeni leo au kesho. Bado tunaweza kufunua, kugeuza tabaka na kunyunyizia upya, pakiti moja bado mnayo. Zikipita siku tatu, kilichomo ndicho kilichomo. Mlichanganya vizuri?"

"Vizuri kabisa," akasema Bwana Ufunguo. Akanigeukia, anatabasamu. "Dada ni shahidi. Au siyo, dada?"

Kejeli hiyo! Mbele ya watu! Nikamjibu, "Mimi naosha makopo tu."

Wakacheka wote. Baba naye kacheka. Vizuri, chekeni.

Aprili 18

Siku ya pili imekwisha. Nimepita karibu na shimo mara saba. Sikusema.

Aprili 19

Tatu. Kilichomo ndicho kilichomo.

Aprili 25

Majimaji ya kahawia yanatoka chini ya ukuta wa shimo. Wifi anasema ni kawaida, rai ilikuwa mbichi. Ni kawaida, nikamwambia. Nimelala vizuri.

Mei 3

Hakuna jipya. Ng'ombe aitwaye Mama Kelele kampiga teke dereva wa maziwa. Nimempa pumba za ziada.

Mei 8

Mkono umevimba tena, vidole vinene kama ndizi. Alfajiri nilipofika banda la kukamulia nilimkuta Bwana Ufunguo ameshakamua safu nzima. "Rudi ukapumzike, dada," akasema bila kugeuka. Nikamwambia sihitaji huruma ya mtu. Akasema, "Siyo huruma. Unakamua vibaya mkono ukiuma, ng'ombe wanalalamika."

Nilicheka kabla sijajizuia. Nimejikasirikia kutwa nzima.

Mei 9 mpaka 13

Yeye anakamua zamu zangu zote. Sijamwomba.

Mei 14

Baba amemweleza dereva wa maziwa, kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Mwanangu kaleta sayansi hapa. Zamani tulifukia majani tukiomba Mungu. Sasa kuna bakteria." Dereva kaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nabeba makopo kati yao, kushoto moja, kulia moja, na hakuna aliyenipisha.

Wiki hii nilikuwa nimeanza kulegea. Ahsante, baba, kwa kunikaza.

Mei 20

Upepo ulitoka upande wa shimo. Harufu. Nyepesi, lakini naijua: siagi iliyochina, na nyuma yake kitu kama matapishi ya mtoto. Sileji nzuri inanuka ukali safi, kama maziwa ya mgando. Nilisimama pale nikavuta pumzi mpaka mwisho. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Mei 21

Bwana Ufunguo kaniuliza, "Dada, unalionaje shimo?"

Kwanza nilitaka kumuuliza tangu lini maoni yangu yana kazi. Lakini alikuwa ameinama anashona buti langu la kulia, lile linaloingiza maji, hata sikumwambia kwamba linaingiza. Nikasema, "Zuri."

Hapo ndipo nilipodanganya kwa mdomo. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kimya tu, na kukaa kimya nilikuwa nimekuhesabu kuwa si uongo. Yeye naye mwaka jana alihesabu hivyo hivyo.

Nimeusoma mstari huo niliouandika juu. Sitaufuta, lakini sitaki kuusoma tena.

Mei 29

Majani makavu ghalani yamebaki marobota tisa. Wifi anapiga hesabu kwa vidole na kuanza upya. "Tukifungua shimo Juni tano au sita tunafika," anasema. "Tunafika bila kuuza hata mmoja." Ana matumaini huyu mwanamke mpaka yanachosha. Nilitaka kumwambia. Yeye hakunikosea kitu, zaidi ya chai yenye sukari nyingi.

Lakini nikimwambia, atamwambia mumewe, na hapo raha yangu yote imekwenda na maji. Nimengoja tangu Novemba. Siku saba zaidi hazimuui mtu.

Juni 6

Leo limefunguliwa.

Baba alivaa koti. Aliwaita mtaalamu wa malisho na dereva wa maziwa, watu wale wale wa mwaka jana, kana kwamba mimi ndiye niliyewachagua. Kiti chake kikawekwa mbele ya shimo. Nami nilikuwa nimesukuma pipa langu la kwanza kwa toroli mpaka nyuma ya ukuta, nimelifunika gunia, nangoja zamu yangu. Maneno nilikuwa nayo tayari. Nimeyafanyia mazoezi mwezi mzima kwa makopo.

Bwana Ufunguo akaondoa matairi, akakunja nailoni.

Harufu ikatoka, ikatupiga usoni. Dereva alirudi nyuma hatua mbili akaziba pua kwa kofia. Rai ilikuwa imegeuka kahawia ya giza, inateleza, ukiivuta inakuja na uzi kama bamia. Mtaalamu alichimba ndani kwa mkono, akachimba zaidi, mpaka begani. Akanusa. Akaushika mkono wake mbali na mwili kama si wake.

"Mzee," akasema, "pole sana. Msiwape ng'ombe hata konzi moja. Yote."

Wifi alikaa chini pale pale, kwenye tairi. Hakulia, vidole vilianza tu kuhesabu, vikaacha.

Baba aliinuka. Alitazama shimo, akamtazama mtaalamu, na najua nilichokiona: macho yake yalianza kunitafuta mimi. Mazoea. Alikuwa anafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Bwana Ufunguo.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Ni mimi, baba. Sikuiacha inyauke. Na bakteria niliwachanganya mwenyewe, kwa maji ya bomba. Kama kuna kosa hapo ni langu." Mtaalamu akashika kichwa, akasema, "Ya bomba? Yenye klorini?" Mdogo wangu akaendelea. "Na mwaka jana pia ni mimi. Niliacha nailoni wazi nikaenda kwenye mpira. Dada alikuwa zahanati. Nilimwachia lawama kwa sababu niliogopa. Bibi Harusi alikufa kwa sababu yangu."

Mama Kelele peke yake bandani anadai chakula.

Hebu fikiria! Miezi saba nimelinoa panga, na mtu niliyemnolea kajikata mwenyewe mbele ya wote, kabla sijaliinua. Nilisimama na maneno yangu mdomoni kama mpumbavu.

Baba akanyoosha kiganja. "Lete ufunguo."

Akauvua. Baba akanipa mimi. "Binti yangu," akasema.

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini pipa lilikuwa nyuma ya ukuta, na shetani wangu alikuwa hajashiba. Nikaenda nikalileta. Nikafungua pete. Rai ya kijani iliyoiva kuwa ya dhahabu, kavu kiasi, ukali wake safi ukapanda puani. Mtaalamu akaguna kwa furaha. Nilimpelekea Mama Kelele konzi mbili, akaninyang'anya mkononi. "Hii ndiyo kazi ya bakteria," nikasema, kwa sauti, nikimtazama mdogo wangu. "Rai ile ile. Pakiti zile zile. Na ninayo mapipa matatu."

Baba alilia. Dereva alipiga makofi, jamani, makofi. Nami nilikuwa nimeuvaa ufunguo, na ulikuwa bado na joto la kifua cha mtu mwingine.

Mapipa matatu, ng'ombe ishirini na wawili. Ni chakula cha siku mbili. Hakuna aliyelisema hilo leo.

Juni 7

Alinifuata ghalani asubuhi. Nilikuwa napanga yale marobota mawili yaliyobaki, kana kwamba marobota mawili yana mpangilio.

"Dada, yale mapipa uliyajaza siku gani?"

Nilijua anakwenda wapi. "Kesho yake."

"Siku aliyopita mtaalamu. Aliposema bado tunaweza kufunua."

"Ndiyo."

"Kwa maji gani?"

"Ya tangi la mvua."

Akatikisa kichwa, polepole, kama anayesoma kitu kirefu. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu ya kila tusi. Mwosha huoshwa, ningemwambia. Ulinianza, ningemwambia.

Hakunitukana. Alisema, "Nilikuona dirishani, dada."

Nikageuza robota moja upande wa pili.

"Siku ile, nachanganya. Nilikuwa sina uhakika. Karatasi niliipoteza, na kukuuliza niliona aibu, baada ya yale niliyokufanyia. Nikakuona umesimama unatazama. Nikasema moyoni, vizuri, nikikosea atapiga kelele. Wewe hujawahi kuona kosa ukanyamaza, tangu tukiwa watoto. Hata kijiko kikikaa vibaya unasema. Nikakoroga taratibu, makusudi, ili uone vizuri. Ukageuka ukaendelea kuosha. Basi nikajua niko sawa."

Na pale mbele ya mtaalamu alipotabasamu akasema dada ni shahidi, hakuwa akinikejeli. Alikuwa akiniuliza.

"Ungeniambia tu 'mpumbavu'," akasema. "Ningeelewa."

Akatoka. Niliketi juu ya robota mpaka wifi alipokuja kuniita nikakamue.

Juni 8

Hajamwambia baba. Nimengoja kutwa nzima.

Juni 11

Bado hajasema.

Juni 19

Lori limekuja kuchukua ng'ombe tisa wa kuuzwa. Mama Kelele ni mmoja wao. Mimi ndiye niliyechagua, maana mwenye ufunguo ndiye mwenye shimo. Alipanda ubao bila kupiga teke, mpole, akageuza shingo kunitafuta akidhani nina konzi ya kumpa. Sikuwa nayo.

Baba amesimama barazani anamlaumu mwanawe kwa kila mkia unaopanda. "Tazama! Tazama kazi yako!" Naye anasimama pale, mikono nyuma, anapokea. Mwaka jana alisema neno moja akanibebesha mzigo wake. Mwaka huu hasemi neno, anaubeba wangu. Ningependa anitukane. Wallahi ningependa anipige na ndoo. Mtu ukimlipizia kisasi naye akakusitiri, unakwenda kumshtaki wapi?

Nimefungua kinywa mara mbili kumwambia baba. Mara zote mbili mdogo wangu kanitazama akatikisa kichwa. Sijui kama ananihurumia au anataka nibaki nalo. Mimi kwa ubaya wangu nadhani ni la pili, na kama ndilo, amenishinda.

Juni 30

Pilipili alizopanda wifi uani zimeota. Chai yake sasa haina sukari kabisa. Sijauliza.

Julai 8

Tumekata rai ya shamba la bondeni, ile tuliyoipanda mwisho. Fupi, nyembamba, imeanza kukomaa, lakini kwa ng'ombe kumi na watatu si haba. Imelala juani tangu jana. Shimo tumelisugua kwa brashi mpaka sakafu, siku nne.

Mdogo wangu ananiuliza kila kitu. Kila kitu! Dada, nailoni hii haijatoboka? Dada, trekta nianzie upande huu? Dada, kamba hii inatosha? Dada, nimefunga mlango, njoo uone kama nimefunga. Tangu mwezi uliopita yuko hivyo, kwa adabu, bila tabasamu, na hafanyi mpaka nimejibu. Nikiitikia kwa kichwa tu, anasimama anangoja. Mwanzoni nilimfokea. Sasa najibu.

Saa mbili asubuhi nilichukua pakiti ya mwisho kwenye friji, nikaweka pipa la kunyunyizia katikati ya ua. Akaja amebeba ndoo mbili kutoka kule nyuma, hatua themanini, akaziweka miguuni pangu. Bomba liko pale pale pembeni, mpira umezungushwa ukutani. Akasimama mahali ambapo alisimama siku ile, akalitazama dirisha la chumba cha makopo, kisha akanitazama mimi.

"Haya ni ya tangi la mvua, dada. Nimechota mwenyewe. Ni sawa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sema kwa sauti."

"Ni sawa."

"Kwa sauti, dada."

"Ni sawa!" nikapiga kelele, mpaka njiwa wakaruka paani. "Ni sawa, mimina!"

Akamimina. Baba kule barazani akashtuka, akauliza tunagombania nini asubuhi yote hii. Tukamjibu kwa pamoja kwamba hatugombani.